Jaketi Zito Halimkingi Mwendesha Baiskeli

Mabibi na mabwana, ndugu zangu waendesha baiskeli wa Nakuru, nawashukuru kwa kunialika tena nizungumzie mavazi, ingawa naona kwamba wengi walionisikia mwaka jana wamekuja asubuhi hii na jaketi zilezile nene nilizowasihi waziache nyumbani. Sitawakemea. Nitairudia hoja yangu na, muda ukiniruhusu, nitagusia mengine.

Kinachomwangusha mwendesha baiskeli katika miinuko yetu ni jasho lake mwenyewe, wala si baridi ya hewa peke yake. Mtu anapokanyaga pedali, takriban robo tu ya nishati anayoitumia ndiyo inayosukuma baiskeli. Sehemu iliyobaki hugeuka kuwa joto, na mwili hutoa jasho ili kulipunguza. Chini ya jaketi zito jasho hilo halina pa kwenda ila kulowesha fulana, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mnapopanda kuelekea Timboroa hamtaona dalili yoyote, kwa kuwa misuli bado inafanya kazi. Taabu huanza mnapokivuka kilele na kuteremka kuelekea Burnt Forest: miguu imepumzika, joto la misuli limekoma, upepo unawapiga kifuani kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, na fulana imetota.

Najua kuna atakayeniambia, “Mwalimu, sisi ni watu wa ikweta, hayo ni mambo ya wenye theluji.” Timboroa iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, muulizeni yeyote anayeuza viazi kando ya barabara pale saa kumi na mbili asubuhi kama mstari huo humpasha moto. Joto la hewa hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi na Timboroa imepita mita 2,700, kwa hiyo anayetoka ufuoni mwa ziwa akiwa na fulana moja anakwenda kukutana na hewa iliyopungua karibu nyuzi 10, na hapo bado hatujahesabu upepo wala mvua.

Kwa kuwa theluji imetajwa, niruhusuni niwasimulie tena habari za Gavia, nanyi mnaoijua vumilieni. Mwezi Juni mwaka 1988, mbio za kuzunguka Italia zilipitia mlima huo, ambao kimo chake cha mita 2,600 na ushei hakifiki hata kile cha Timboroa yetu, na waendeshaji wakakutana na dhoruba ya theluji. Mholanzi Johan van der Velde aliwatangulia wote kufika kileleni akiwa na mikono mifupi, bila kofia wala glavu, na hadi hapo hakuna ambaye angemkosoa, kwani aliyekuwa akipanda kwa nguvu kiasi kile alikuwa na joto la kumtosha. Kisha ukaja mteremko. Baridi ilimshika hata akalazimika kusimama na kujihifadhi, na alipofika mwisho, mjini Bormio, alikuwa amepitwa kwa zaidi ya dakika 40. Mmarekani Andy Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imekwenda kununua mavazi ya baridi katika maduka ya vifaa vya kuteleza kwenye theluji, alikuwa na glavu nzito na kofia ya sufu, na alivaa koti la mvua kabla ya kuteremka. Alimaliza wa pili siku ile, sekunde chache nyuma ya Erik Breukink, akachukua uongozi wa mbio na hatimaye akazishinda. Wapandaji hodari walikuwa wengi mlimani siku ile. Waliookoka ni waliojua wakati wa kuvaa.

Basi, vaeni tabaka kwa tabaka. Vazi linalogusa ngozi lisiwe la pamba, kwa kuwa pamba hunywa jasho na kukauka polepole, na hapo nazikataa hata zile T-shati tunazogawiwa nyakati za kampeni. Poliesta hunyonya maji chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Juu yake pawe na sweta jembamba la sufu, ambalo huendelea kutunza joto hata likiwa na unyevu. Anayedai kwamba haya ni mavazi ya matajiri na aende soko la Kibuye, Kisumu, akasome lebo kwenye marundo ya mitumba. Tabaka la mwisho ni koti jepesi la kuzuia upepo, linalokunjika likaingia mfukoni. Ondokeni nyumbani mkihisi kijibaridi, fungueni zipu kabla jasho halijaanza, na kileleni simameni mvae koti, hata wenzenu wakiwacheka. Aliyelisahau koti aweke gazeti kifuani chini ya jezi, kama walivyofanya wakongwe wa mbio za Ulaya. Mfuko wa plastiki tuliouzoea ulipigwa marufuku mwaka 2017.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Kuhusu mvua, koti lisilopitisha maji kabisa hufungia jasho ndani pia. Kwenye joto la Ahero afadhali mlowe, mlihifadhi kwa ajili ya mvua za alasiri za Kericho. Kuhusu mikono, glavu ni za lazima, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki. Miguu nitaiacha.

La mwisho linawahusu wanaobeba watu. Abiria aliyeketi kwenye keria hakanyagi pedali, kwa hiyo hazalishi joto kama dereva, ilhali anapigwa na baridi ileile. Mzazi anayempeleka mtoto shuleni alfajiri asimvishe kwa kupima joto analolihisi yeye mwenyewe, bali amwongezee tabaka moja zaidi, na amfunike magoti.