Msafara Umeingia Mjini
(Mhadhara uliotolewa baina ya Magharibi na Isha, Bagamoyo)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zangu mlio nyuma ya pazia. Mada niliyopewa ni kudumu na Mwenyezi Mungu wakati dunia inatuvuta huku na huku. Muda wangu ni mpaka adhana ya Isha, kwa hiyo utangulizi mrefu nauacha, naingia Madina moja kwa moja, siku ya Ijumaa.

Mtume (s.a.w.) amesimama anahutubu. Wafasiri wanaeleza kwamba wakati ule mji ulikuwa na njaa na bei zimepanda. Mara unaingia msafara kutoka Sham, upande wa Syria, umebeba chakula. Inasemekana msafara ukifika ulipokewa kwa ngoma ili watu wajue. Basi watu wakainuka, mmoja, wawili, kundi zima. Sahaba Jabir bin Abdillah (r.a.) anasimulia, na hadithi iko katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba hawakubaki na Mtume ila watu 12. Ikateremka Aya ya mwisho ya Suratul Jumua: wakiona biashara au pumbao huyakimbilia, na wakakuacha umesimama.

Wakakuacha umesimama. Mimi kila nikifika hapo hupata haya, na wala sikuwepo.

Sasa, kama kuna watu wanaoweza kuisikia ile ngoma, ni watu wa Bagamoyo. Karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wametembea miezi kutoka Ujiji na Tabora, pembe za ndovu mabegani, wanaiona bahari. Jengo la Caravan Serai, kituo cha misafara ile, bado tunalo mjini, watalii wanalipa kuliingia na sisi tunalipita tukienda sokoni. Msafara ukiingia, nani abaki ndani? Wapo wa kuuza, wa kununua, wa kudai, na wapo wa kutazama tu, maana kutazama nako ni shughuli.

Lakini nataka tuliangalie jambo moja ambalo hupitwa haraka. Ule msafara haukubeba haramu. Ulibeba chakula, na watu walikuwa na njaa. Hawa hawakukimbilia kamari wala ulevi.

Nasema hivi kwa sababu sisi wahadhiri tuna ugonjwa wetu. Tukipewa mada hii tunashika muziki, tunashika mpira, tunashika mikeka ya kubeti, tunapiga hapo saa nzima. Sawa, yapigwe. Ila yule mzee asiyebeti na asiyejua timu ipi inaongoza ligi anaondoka msikitini moyo umetulia kabisa: hayo si yangu, ni ya vijana. Kumbe mwenyewe tangu takbira ya kwanza alikuwa anahesabu marejesho ya kikoba. Ada ya mtoto, bati za nyumba, mgonjwa aliyelazwa, samaki waliobaki hawajauzwa. Yote halali, mengine ni wajibu. Wengi wetu hatutolewi kwa Mungu na madhambi makubwa, tunatolewa na mambo mazuri yaliyokuja saa isiyo yake.

Na Qur'ani haikusema biashara ni mbaya. Rudini Aya mbili nyuma, ya 9 na ya 10. Ikinadiwa Sala ya Ijumaa, endeni kwenye kumtaja Mwenyezi Mungu na acheni biashara. Sala ikisha, tawanyikeni katika ardhi mtafute fadhila zake. Acha, kisha nenda. Umeamrishwa yote mawili, umepangiwa tu lipi litangulie.

Hapo ndipo penye kazi, na ndipo nataka tukae.

Teremkeni ufukweni pale soko la samaki, saa tisa alasiri. Mama ana karai juu ya kuni, mafuta yanachemka, vibua wamejaa, upande mmoja wameshaiva na upande wa pili bado. Wateja watatu wamesimama, mmoja anataka chenji. Adhana ya Alasiri inatoka. Mama huyu ni mcha Mungu, anatia udhu, anatandika mswala wake pembeni, anasema Allahu Akbar. Anasali nini? Anasali samaki! Pua yake iko kwenye karai. Akisikia mafuta yanaruka, Alhamdu inakatika. Msicheke, kila mmoja ana karai lake.

Tumwambie nini mama huyu? Kwa kawaida tunamwambia: jitahidi, uhudhurishe moyo, fikiria kifo. Maneno mazuri, na hayatamsaidia, kwa sababu samaki wanaungua kweli. Sahaba Abu Dardaa (r.a.) alikuwa na neno lenye akili zaidi, Bukhari amelitaja: katika fiqhi ya mtu, yaani ufahamu wake wa dini, ni kuimaliza haja yake kwanza, ili aiendee Sala na moyo wake uko mtupu. Na Mtume (s.a.w.) amesema chakula cha usiku kikiwekwa na Sala ikakimiwa, anzeni na chakula. Sahaba Ibn Umar alikuwa akiwekewa chakula anakula mpaka amalize, na huku kisomo cha imamu anakisikia. Ibn Umar, mtu aliyekuwa akifuata nyayo za Mtume mpaka kwenye vichochoro! Hakujifanya mwenye moyo wa chuma. Alijua tumbo lenye njaa na sahani iliyo mbele ya macho vitamshinda.

Basi mama, ukiona Alasiri imekaribia, usitie samaki wapya. Opoa walio tayari, vuta kuni nje, funika karai, waambie wateja dakika kumi. Watangoja, wanawajua samaki wako. Na wewe wa bodaboda, usiache pikipiki mlangoni na ufunguo unaning'inia halafu ukalalamika kwamba kila rakaa unageuza jicho. Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume juu ya kugeukageuka katika Sala, akaambiwa ni unyakuzi, shetani ananyakua katika Sala ya mja. Sasa wewe umemfungulia mlango mwenyewe. Piga kufuli, ufunguo mfukoni, ingia. Simu sitaisema, mnajua.

Mtu ataniuliza: hayo yanawezekana kwa mwenye biashara ya kweli? Mji huu una jibu lake. Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemwita Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo, akakulia katika nyumba ya watu wengine. Akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Qadiriyya, njia ya Kisufi, akasomesha mpaka kufa kwake mwaka 1931. Na alikuwa mfanyabiashara, mwenye mashamba. Hakukimbilia porini ili amwabudu Mungu, wala hakusema ngoja nitajirike kwanza ndipo nisome. Najua wapo humu wenye maoni tofauti juu ya mambo ya tarika, leo hatuingii huko. Nachotaka mkione ni mtu wa soko aliyekuwa na saa za soko na saa za darsa, katika mji huuhuu wenye kelele za bandari.

Na wale ambao moyo unawasumbua, kwamba hapa msikitini naona Akhera kama naishika, nikifika nyumbani yote yameyeyuka: mmetanguliwa. Sahaba Hanzala (r.a.) alikwenda mbio akisema Hanzala amenafiki. Abu Bakr akamuuliza kulikoni, akamweleza, na Abu Bakr akajibu: wallahi hata mimi napata hivyo. Abu Bakr! Wakaenda wote wawili kwa Mtume, akawaambia lau mngedumu kama mlivyo mkiwa kwangu, malaika wangewapa mikono vitandani mwenu na njiani mwenu. Lakini, ewe Hanzala, saa kwa saa, yaani saa hii na saa ile. Akakariri mara tatu. Vijana, msiigeuze kuwa saa ya utiifu na saa ya maasi, tafadhali. Saa ya pili aliyoishtakia Hanzala ilikuwa ya mke, watoto na mali zake.

La mwisho linatuhusu humu ndani. Mtume (s.a.w.) alipewa zawadi na Abu Jahm, nguo yenye nakshi. Akasali nayo, akaitupia jicho mara moja. Alipomaliza akasema ipelekeni kwa Abu Jahm, mniletee ile nguo yake nzito isiyo na nakshi, hii imenishughulisha sasa hivi katika Sala yangu. Ni Mtume, na ni jicho moja tu, na nguo ni halali, ni zawadi ya rafiki. Hakusema nitajikaza Sala ijayo. Aliiondoa, na akaomba nyingine kwa huyohuyo ili rafiki asivunjike moyo.

Sasa tazameni mbele, upande wa kibla. Ile saa ya umeme ina nambari nyekundu, sekunde zinakimbia, na chini yake kuna maandishi yanayopita yakitangaza michango ya choo. Nimeitazama wakati wa Magharibi, na nyinyi mmeitazama. Aliyeitoa Mungu amlipe, nia yake njema. Kamati mpo hapa. Ukuta wa nyuma una nafasi na soketi iko pale pale, ni fundi na ngazi tu, kesho baada ya Adhuhuri.

Naona bado tuna dakika chache. Mwenye swali anyooshe mkono, na mama zangu mleteni kikaratasi.