Kulinda Miombo Pande Mbili za Mpaka

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba nianzie Ndola, Zambia, mwaka 1933.

Maafisa misitu wa enzi za ukoloni walipima viwanja ndani ya msitu wa miombo, yaani miti iliyoachana kidogo na nyasi chini yake. Vingine wakavikinga moto usivifikie kabisa. Vingine wakavichoma kila mwaka mapema, masika yamekwisha tu na nyasi zingali na ubichi. Vilivyobaki wakavichoma mwishoni mwa kiangazi, wakati ukikanyaga nyasi zinavunjika. Miaka mingi baadaye, viwanja vilivyokingwa vilikuwa vimefunga, kichaka kizito cha kupita kwa panga. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyochomwa mwishoni vilikuwa nyasi ndefu na miti ya kuhesabu. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Kilichovitofautisha viwanja ni siku ya kuwasha kiberiti.

Ukitaja ushirikiano wa kikanda, watu huona bendera mezani na chupa za maji. Mimi huwa nakiona kile kiberiti. Kijiji cha upande mmoja kinachoma mwezi wa sita kama kilivyoelekezwa na bwana misitu wake. Upande wa pili hakuna aliyeelekezwa, wanachoma mwezi wa tisa, na upepo hauna pasipoti. Ile kazi ya mwezi wa sita imekwenda bure.

Na mipaka yenyewe mingi imepita katikati ya miti. Sehemu ya mpaka wa Angola na Zambia imenyooka kama imepigwa rula, kwenye nyuzi 22 na 24 za mashariki. Ureno na Uingereza walishindwa kuelewana, wakampelekea shauri mfalme wa Italia, naye akakata mwaka 1905. Mfalme wa Italia! Mti uliokuwa umesimama pale siku hiyo hakuna aliyeuambia kwamba mizizi yake ya kushoto sasa ni ya Mreno. Mpaka wa Zambia na Kongo nao, kwa sehemu kubwa, unafuata mgawanyo wa maji: tone la huku linakwenda Zambezi, la kule linakwenda mto Kongo. Ukisimama pale huoni chochote cha kukuambia umevuka.

Miombo inaanzia Angola inaishia Msumbiji, ikipita Kongo, Zambia, Malawi, Zimbabwe na huku kwetu Tanzania. Ina aina zipatazo 8,500 za mimea, na zaidi ya nusu yake huzipati kwingineko duniani. Wengi wetu tumezoea kuiita pori tu, kana kwamba ni mahali pasipo na kitu. Nenda mwezi wa tisa au wa kumi, jua linawaka, tone la mvua halijadondoka, uone mtundu unavyotoa majani mapya mekundu kama shaba. Kwa wiki chache mlima mzima unakuwa na rangi ya kutu. Mti unatumia maji uliyoyaweka ndani. Haungoji mvua, unaitangulia.

Sasa ngoja niwaoneshe kitu kimoja, maana ndicho kinachonifanya niamini kwamba msitu huu unaweza kuongezeka, haupo wa kulindwa tu. Nimekuja na ganda la mtundu, lipitisheni. Ni gumu kama ubao mwembamba. Kiangazi linakauka, linajivuta, halafu linapasuka kwa mlio unaosikika mbali, kila upande unajisokota na mbegu zinatupwa. Zinafika wapi? Hatua chache tu, si zaidi ya pale mlangoni. Hazina mabawa, na ndege hazibebi. Kwa hiyo msitu uliofyekwa na kung'olewa visiki hauletewi mbegu na jirani aliye kilomita kumi. Umekwisha pale pale.

Lakini mti uliokatwa kisiki kikabaki hai haujafa. Chini ya ardhi mizizi ipo na akiba yake, na mvua ya kwanza visiki vinachipua. Mchoma mkaa anayekata shina na kuacha kisiki anaweza kurudi na mwanawe siku moja akakuta msitu. Anayefuatwa na trekta la kung'oa visiki harudi kukuta kitu. Na kwenye mizizi hiyo kuna kuvu wanaoishi nayo kwa kupeana: mti unatoa sukari, kuvu wanatoa madini ya udongoni. Uyoga mwingi mnaoununua barabarani wakati wa mvua ni matunda ya urafiki huo. Kina mama wanaouchuma wanajua uyoga upi uko chini ya mti upi, bila kufundishwa na yeyote wa chuo. Ukipanda misonobari mahali pale utapata miti, ndiyo, na picha nzuri ya kuwatumia wafadhili. Uyoga ule, asali ile na palahala vitakuwa vimekwenda. Kwa hiyo nikisikia nchi mbili zimekubaliana kupanda miti milioni kadhaa mpakani, swali langu la kwanza ni kama kuna aliyekwenda kuhesabu visiki.

Nije kwenye msumeno.

Mkurungu, Wazambia wanauita mukula. Mbao yake nyekundu inapendwa sana China kwa samani. Zambia imepiga marufuku, ikafungua, ikafunga tena. Kila ikifunga, magogo yanabadilisha njia: yanakatwa upande huu yanapata karatasi upande ule, yakifika bandarini ni halali kama maziwa. Nchi moja ikikaza peke yake inawasukumia wavunaji jirani yake. Sisi watu wa misitu tunagonga gogo kwa nyundo yenye alama, na dereva anapewa hati ya kusafirishia mazao. Afisa wa nchi ya pili akiiona alama ile atajuaje kama ni ya kweli? Hajawahi kuona ya halali akailinganisha.

Kwenye sheria za dunia kuna hatua. Mkataba wa CITES, ule wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliuingiza mkurungu kwenye Orodha ya Pili mwaka 2019, na mkutano wa Panama wa 2022 ukaongeza mninga na mkongo wa Afrika. Maana yake, kuuza nje kunahitaji kibali, na nchi inayotoa kibali lazima ijiridhishe kwamba uvunaji hauumizi aina hiyo ya mti. Ni jambo jema. Ila kibali kinasema gogo limetoka wapi kwa kadiri aliyekijaza alivyoandika.

Saini hatuna upungufu nazo. SADC ina Itifaki ya Misitu ya 2002, iliyoanza kutumika 2009. Kuna Azimio la Zanzibar la mbao haramu, ambalo Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska walilisaini Durban mwaka 2015 (Zanzibar ilibaki kwenye jina). Kuna Azimio la Maputo la Agosti 2022, nchi 11, mahususi kwa miombo. Sizibezi karatasi hizi. Bila azimio, afisa wa wilaya anayetaka kukutana na mwenzake wa ng'ambo hapati ruhusa ya safari wala mafuta. Ninachonung'unikia ni kwamba aghalabu ruhusa haishuki mpaka kwake.

Palipofika mbali ni kwenye tembo. Nchi tano za KAZA, eneo la hifadhi linalovuka mipaka ya Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, zilisaini mkataba wao 2011, na mwaka 2022 zikawahesabu tembo kwa ndege, msimu mmoja, kwa utaratibu mmoja. Wakapata karibu 228,000. Kabla ya hapo tembo aliyevuka angeweza kuhesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa. Kama tembo anayetembea ameweza kuhesabiwa hivyo, mninga uliosimama mahali pamoja unatushinda nini?

Kwa moto ni rahisi zaidi. Setilaiti zinaonesha moto saa chache baada ya kuonekana, bure, yeyote mwenye simu anaona. Kinachokosekana ni kalenda moja ya uchomaji kwa vijiji vya pande zote mbili, na mtu wa kumpigia.

Niliwahi kuwauliza maafisa misitu wa wilaya za mpakani, semina ya watu kama thelathini: nani hapa ana namba ya simu ya mwenzake wa ng'ambo? Mikono miwili ilinyanyuka. Mmoja akasema alishakutana naye kazini mara moja. Wa pili akacheka, akasema yule ni shemeji yake.

Karibuni kwa maswali. Na lile ganda naomba lirudi mbele.