Mamangu, Lakini Si Kikapungu

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu na vijana.

Nimeombwa nizungumzie sarufi na utamaduni, nami naanza na nyumba za mawe za hapa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu. Mgeni hukaribishwa dakani, pale mlangoni penye vikalio vya mawe. Akizoeleka hupita tekani, ukumbi wa ndani ya mlango, akafika kiwandani, yaani uani. Kule ndani kabisa huingia wenyewe. Basi dakani pana wageni, ndani mna wenyewe, na huko nje kuna ulimwengu. Pa, mu, ku, viambishi vyetu vya mahali! Mtu atasema nyumba ya Lamu ndiyo iliyotufunza sarufi hii. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini Wachewa wa Malawi na Wabemba wa Zambia nao wana pa, ku na mu, wala si wajenzi wa majumba ya matumbawe. Viambishi hivyo ni urithi wa Kibantu, vikongwe kuliko mji huu.

Ndiyo maana naogopa haraka katika somo hili. Benjamin Lee Whorf wa Marekani, aliyekuwa mkaguzi wa bima ya moto, alidai Wahopi, wenyeji wa asili wa Marekani, hawauoni wakati kama Wazungu kwa sababu ya lugha yao. Mwaka 1983 mwanaisimu Ekkehart Malotki akatoa kitabu kizima cha mifano ya Wahopi wakiutaja wakati.

Mimi nikitafuta jamii ndani ya sarufi, hutazama mahali padogo. Mama yangu: mamangu. Mwana wangu: mwanangu. Mume wake: mumewe. Ndugu yako: nduguyo. Sasa jaribuni na kikapu. Kikapungu? Ulimi umegoma, mmeusikia. Kikapu huuzwa, huazimwa, husahauliwa sokoni. Baina yake na mwenyewe pana nafasi ya kuvuta pumzi. Baina yangu na mamangu nafasi hiyo haipo. Katika tenzi mtakuta jinale na moyowe, maana ushairi una ruhusa zake, ila katika mazungumzo ya kila siku mshikamano huu tumewawekea watu, tena watu wa karibu.

Kuna na hili. Twasema punda wangu, mbuzi wangu. Lakini rafiki yangu, ndugu yangu. Punda ndiye mchukuzi wa mji huu, mawe na mchanga vyapita mgongoni mwake, na bado hapewi "yangu". Adui je? Adui yangu! Amekaa safu moja na ndugu. Hilo hunishughulisha mno, kwani adui naye ni mtu unayehusiana naye, humwoni kama mali.

Juzi nilikuwa gatini. Mashua yaingia, mzee amesimama omo, mbele ya chombo, na kamba mkononi. Ukingoni palikuwa na kijana mgeni, begi mgongoni, hajui hata pa kukanyaga. Mzee hakumjua jina wala ukoo.

"Mwanangu, nishikie!"

Kijana akatupa begi chini, akaidaka kamba.