Kochi Likiwa Upande Mmoja, Spika za Pembeni Tuziweke Wapi?

Assalaam alaykum. Vijana mlioko nyuma, sogeeni. Leo mimi sina maikrofoni.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe mnazijua. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, na boriti haifiki mbali, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu. Njia ya kupita lazima ibaki, kwa hiyo kochi hubanwa upande mmoja. Kisha mtu ananunua spika tano na sabufa, ile spika ya besi, anafungua kitabu chake, anakuta mchoro wa msikilizaji amekaa katikati ya chumba kama sultani.

Mchoro haudanganyi. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza spika za pembeni zikae kati ya nyuzi 100 na 120 kutoka mbele ya msikilizaji, yaani nyuma kidogo ya masikio. Lakini nyuzi hizo hupimwa kutoka kichwani mwa anayekaa, si kutoka katikati ya chumba. Televisheni ikiwezekana kuhamishwa ikabiliane na kochi, ihamisheni kwanza.

Balaa lenyewe ni spika ya karibu. Chukulieni chumba cha mita 3, nawe umekaa sentimita 80 kutoka ukuta wa kushoto. Spika zikifungwa usawa wa masikio, ya kushoto inakuzidia ya kulia kwa karibu desibeli 9, kipimo cha ukubwa wa sauti, tukiacha mwangwi. Filamu nzima utaisikia kwa sikio moja! Sasa zipandishe zote mbili mita 1 juu ya masikio. Umbali unakuwa kama mita 1.3 na 2.4, na tofauti inashuka hadi desibeli 5 na nusu hivi. Hujagusa rimoti bado. Tena ile ya karibu usiielekeze kwa aliye chini yake. Ielekeze ncha ya pili ya kochi.

Ndipo uingie kwenye mipangilio ya amplifaya, uandike umbali wa kweli wa kila spika, upunguze sauti ya ile ya karibu. Amplifaya itaichelewesha milisekunde 3 au zaidi kidogo, maana sauti hukata mita moja kwa takriban milisekunde 3. Mtafiti wa sauti Helmut Haas alilionyesha hili mwaka 1949: sikio hufuata sauti iliyotangulia kufika. Ila ucheleweshaji huo unamfaa mtu wa kiti kimoja tu. Bibi aliye ncha ya pili haumsaidii, na mimi simtengi bibi kwa ajili ya filamu. Napima katikati ya kochi, kila mtu apate nusu shari.

Kuta za mawe na chokaa hurudisha sauti vibaya. Tundikeni pazia zito au zulia ukutani. Na chokaa kongwe humomonyoka, msiitoboe ovyo; stendi ndefu inatosha.

Nimeulizwa pale mlangoni kuhusu sabufa. Chini ya hezi 80, yaani kwenye besi nzito, sikio halitambui vizuri sauti inatoka wapi, kwa hiyo sabufa iwekeni isipozuia njia.