Kabla hujapanda mbono, uliza udongo wako

Asanteni wazee, asante mwenyekiti. Najua wengine mmeshanisikia nikiongea haya, mnivumilie tu, maana wale wauza miche nao hawachoki.

Akija mtu na habari za mti wa mafuta, iwe mbono kaburi, yaani jatrofa, iwe nini, sikilizeni anavyousifu: unakua haraka, jua haliuui, ng'ombe hawaugusi, ukiukata unachipua tena. Sasa nauliza, hizo si ndo sifa zote za gugu? Watu wa Baringo kule Kenya waliletewa mathenge, ule mti wa miiba, mwanzoni mwa miaka ya 80, eti kuni zitapatikana na udongo hautapeperuka, wakafurahi. Mbuzi wakala yale maganda matamu, mbegu zikatoka na mavi zikiwa nzima, kila walipopita pakaota kichaka cha miiba, malisho yakaisha, na ule utamu ukawaozesha mbuzi meno mpaka watu wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Mnacheka, lakini yule mbuzi alijieleza kuliko mawakili wengi! Na msiseme hayo ni ya Kenya, nendeni hapo Budongo, Uganda, mkaone mti wa sena ulivyojaa msituni.

Mtu ataniambia, daktari, mbono sio mathenge, Mukono watu wanaitumia kupandishia vanila miaka yote. Kweli kabisa, na sijasema ing'olewe, ua la mbono halina neno. Shida ni eka kumi kwenye udongo uliochoka eti "haihitaji mbolea". Kuishi itaishi, kuzaa je? Mafuta yenyewe yanatengenezwa kwa hewa na maji, ila mbegu imebeba naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na hivyo vinatoka kwenye udongo wako, kwa hiyo ukiuza gunia la mbegu umeuza na rutuba, mashudu, yale makapi ya kukamua, yakibaki kiwandani wewe umebaki na nini? Yadai yarudi shambani. Ng'ombe usimpe, yana sumu.

Nilitaka kugusa gugumaji na wale wadudu wa kulila waliowekwa Ziwa Viktoria 1995, na ethanoli ya mihogo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, haya. Anayetaka kupimiwa udongo achimbe sehemu kadhaa, achanganye, alete kilo moja tu, na tafadhali usichote kwenye kichuguu wala palipolala ng'ombe halafu uje kunidanganya kwamba shamba lako lote liko hivyo.