Kwa Nini Radi za Ziwa Victoria Hupiga Usiku

ASHURA: Karibu tena msikilizaji. Leo tunaongelea hali ya hewa, na kaka Baraka ametuletea Ziwa Victoria.

BARAKA: Ahsante, dada Ashura. Ziwa hili lina tabia inayonishangaza kila nikiifikiria. Katika misimu ya mvua, picha za setilaiti za alasiri mara nyingi zinaonyesha juu ya maji kweupe, na mawingu makubwa yamesimama nchi kavu. Usiku wa manane mambo yanageuka: bara kumetulia, radi zimehamia ziwani.

ASHURA: Na ni ziwa lile lile, siku ile ile. Nini kinazihamisha?

BARAKA: Jua. Mchana ardhi inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi inapanda, na ya ziwani inavuma kuja kuziba nafasi yake. Watu wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe wanaujua upepo huo. Umebeba unyevu, kwa hiyo ukipanda na kupoa unageuka wingu, na jioni mvua inanyesha bara. Upande wa mashariki kuna vilima vya Kericho na Nandi vinavyousukuma juu zaidi. Mashamba ya chai ya kule ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

ASHURA: Mvua ya mawe, jirani kabisa na ikweta!

BARAKA: Joto la chini ndilo linalorusha hewa juu kwa nguvu. Kule juu ndani ya wingu ni chini ya nyuzi sifuri, matone yanaganda, na barafu inaongezeka unene hadi hewa inashindwa kuibeba.

ASHURA: Haya, jua limezama.

BARAKA: Hapo ardhi inapoa upesi, lakini maji yanabaki na nyuzi kama 24 au 25. Upepo unageuka, sasa unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Na ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, limezungukwa na nchi kavu pande zote. Pepo zinaingia kutoka kila upande, zinakutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na njia iliyobaki ni kupanda tu. Radi zinaanza usiku, na mara nyingi zinaendelea hadi asubuhi.

ASHURA: Pande zote za ziwa zinapata sawa?

BARAKA: Hapana. Kwa ujumla upepo mkuu unatoka mashariki, unasukuma mvua magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu mara mbili ya mvua ya Mwanza kwa mwaka. Na ziwa linajinywesha lenyewe: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ndani yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mito yote kwa pamoja, Kagera ikiwemo, inaleta sehemu ndogo tu iliyobaki.

ASHURA: Mimi kinachoniuma ni kwamba saa hizo hizo ndizo za kuvua dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi ukiwa haupo. Giza likikolea, mitumbwi inatoka.

BARAKA: Ndiyo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaofia ziwani kila mwaka, na dhoruba ni moja ya sababu kubwa. Hii si habari ndogo, dada. Lakini kuna jambo linalonipa matumaini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dhoruba kali za usiku zinahusiana na mvua za radi zilizopiga nchi kavu mchana uliotangulia.

ASHURA: Kumbe alasiri inatoa taarifa kabla!

BARAKA: Inatoa, tena saa kadhaa kabla mtumbwi haujaingia majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada Mwanza, na utabiri wa ziwa unatolewa. Taarifa hiyo lazima ifike mwaloni kabla ya jioni, kwa lugha ya mvuvi: upepo utatoka wapi, saa ngapi, mawimbi makubwa kiasi gani.

ASHURA: Na kwa aliyekwisha kutoka?

BARAKA: Akiona mwanga wa radi aanze kuhesabu sekunde mpaka asikie ngurumo. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, basi kila sekunde tatu ni kilomita moja. Namba ikipungua, dhoruba inamjia.

ASHURA: Ikiwa mbali bado, anaweza kuendelea na kazi?

BARAKA: Hapana. Ngurumo husikika hadi kilomita 15 hivi, na radi inaweza kupiga mbali hivyo na wingu lake. Ukiisikia, tayari inaweza kukufikia. Kwenye maji tambarare hakuna mti wala nyumba, kitu kirefu ni mtu aliye ndani ya mtumbwi. Avae jaketi okozi, ainame chini, ashike njia ya pwani iliyo karibu zaidi, hata kama siyo ya kwao.