Fimbo Ilirudi Nyuma, Sauti Zikaenda Mbele

(Mhadhara kwa walimu tarajali wanaojiandaa kufundisha darasa la kwanza na la pili)

Ndugu Mkuu wa Chuo, ndugu wakufunzi, na ninyi walimu tarajali ambao ndio hasa niliowafuata hapa.

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa mawili ya mwanzo, nami nimepewa muda unaotosha moja tu kati ya hayo matatu, kwa hiyo msishangae kuandika na kuhesabu vikipita mbio mwishoni. Waliokwisha kunisikia kwingine wanajua ninakoelekea, kwa kuwa ninalolisema leo ndilo ninalolisema tangu nilipostaafu. Nitaliacha siku nitakapoingia darasa la kwanza nisikute watoto wakiitikia maneno wasiyoyasoma.

Nianze na asubuhi moja. Nilialikwa katika shule ya kijijini ambayo sitaitaja, katika mkondo wenye watoto 90, na mwalimu wao alikuwa binti hodari wa umri wenu. Darasa lake lilikuwa lile tunaloliita darasa linaloongea: kadi za silabi zimening'inia kwenye kamba ya katani, vizibo vya soda vimepangwa ndani ya kasha, picha za wanyama zimebandikwa ukutani. Ubaoni alikuwa ameandika, kwa mwandiko ambao ningependa kuuona kwa kila mmoja wenu, sentensi tatu: Mama anapika uji. Baba analima shamba. Dada anateka maji. (Kwa nini baba hapiki uji ni swali la mhadhara mwingine.) Alipopitisha fimbo chini ya kila neno, watoto walisoma kwa sauti iliyotikisa bati, wakarudia mara ya pili na ya tatu, nami nikafurahi kama mgeni yeyote angalivyofurahi.

Kisha akanipa fimbo. Sijui ni shetani gani aliyenishika, lakini badala ya kuanza na neno la kwanza nilianza na la mwisho. Nikaweka fimbo chini ya neno "maji", na darasa zima likasema, "Mama!" Nikarudi kwenye "anateka", wakasema, "Anapika!" Fimbo ikaendelea kurudi nyuma na sauti zikaendelea kwenda mbele, bila hata mtoto mmoja kusita. Kwa kuwa maneno yalikuwa tisa, tulikutana mara moja tu, katikati, kwenye neno "analima", kisha tukaachana tena kila mmoja na safari yake. Walipomaliza walijipigia makofi.

Mwalimu yule aliona, na uso wake ulimbadilika, lakini alinitolea hoja ambayo nanyi mngeitoa: labda watoto walidhani mgeni amekosea, wakamsaidia kwa heshima. Hoja hiyo si ya kipuuzi, kwa maana watoto wetu wamefunzwa adabu. Basi nikafuta ubao, nikaandika sentensi zile zile kwa mpangilio mwingine, ya baba nikaiweka juu na ya mama nikaishusha chini kabisa, nikamwita msichana mmoja aliyekuwa ameketi dawati la nyuma pamoja na wenzake wanne. Nikamwomba anionyeshe neno "mama". Alikuja bila woga, akanyoosha mkono, akaweka kidole juu kabisa upande wa kushoto, pale palipoandikwa "Baba", akanitazama kwa uso wa mtu aliyejibu sawasawa.

Nawasihi msimcheke. Mtoto yule hakuwa mzito wa kuelewa, kwa sababu alikuwa amejifunza kwa ukamilifu kile alichofundishwa, yaani kwamba mama hukaa juu kushoto, kwamba baada ya mama huja anapika, na kwamba wimbo ukianza mtu hufuata wimbo. Kumbukumbu ya namna hiyo si jambo dogo. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kumsikiliza peke yake, hata kwa dakika moja, tangu shule ifunguliwe mwezi Januari.

Lugha yetu ina neema ambayo majirani zetu wanaofundisha watoto kusoma Kiingereza wangeilipia: irabu tano zisizobadilika, silabi zinazoishia kwa irabu isipokuwa chache, na neno linaloandikwa kama linavyotamkwa. Mtoto anayezijua silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia. Lakini neema hiyo hiyo ndiyo mtego, maana silabi zetu zina vina, na kitu chenye vina kinaomba kuimbwa. Ba, be, bi, bo, bu: nani atajizuia? Kafanyeni jaribio hili mtakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwonyesheni mtoto kadi yenye "bo" peke yake, bila ndugu zake, kisha mtazame midomo. Mtoto wa wimbo atanong'ona "ba, be, bi" ndipo atamke "bo", kama mtu asiyeweza kufika chumba cha juu bila kuanzia ngazi ya kwanza. Mtoto huyo ataweza kusoma "boga" lini? Atapanda ngazi kwa "bo", ashuke, apande tena kwa "ga", na akifika huko amekwisha sahau alikuwa amebeba nini. Hapo sijazitaja "ng'o" na "nywa", ambazo hazimo kabisa katika ngazi aliyoizoea.

Najua kuna atakayesema kwamba mzee huyu anachukia nyimbo. Sizichukii, nami mwenyewe nimeimbisha madarasa mpaka sauti ikanikauka, kwa kuwa wimbo huamsha darasa baada ya mapumziko na humpa mtoto mwenye haya mahali pa kujificha wakati anajifunza kutamka. Ubaya unaanza pale maficho yanapogeuka makazi.

Wengine hunijibu kwamba kukariri kwa pamoja ni urithi wetu, na hunitajia vyuo vya Kurani vya pwani. Mimi nimekulia Pangani na nimesoma chuo, kwa hiyo hoja hii huwa naipokea kwa furaha. Ni kweli kwamba mpita njia alisikia kelele moja kubwa. Lakini aliyekaa ndani ya kelele ile alijua kwamba kila mtoto alikuwa mahali pake: huyu yuko mwanzo wa Juzuu Amma, yule ameshavuka, na mwingine bado anahangaika na alifu kwa ujiti. Na kila mmoja wetu, kwa zamu, alikwenda kuketi mbele ya mwalimu, akasomeshwa peke yake, akarudishwa alipokosea, wala hakusogezwa mbele mpaka mwalimu amemsikia kwa masikio yake. Yule tunayemdhania bingwa wa kukaririsha ndiye aliyekuwa akimsikiliza mtoto mmoja mmoja, nasi wenye shahada tunauliza watu 90 kwa mpigo, "Tumeelewa?", tukijibiwa "Ndiyooo!" tunakwenda kuandika kwenye andalio la somo, sehemu ya tathmini, kwamba wanafunzi 87 kati ya 90 wameelewa. Ningependa siku moja kuonyeshwa wale watatu walikuwa nani.

Upimaji ule wa watoto uitwao Uwezo, ulioanza hapa Tanzania mwaka 2010, ulishtua watu kwa sababu hii hii. Watoto walifuatwa nyumbani, kila mmoja akapewa karatasi yake yenye silabi, maneno na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na wengi waliokuwa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi hiyo. Baadhi ya walimu walilalamika kwamba watoto hao hao husoma vizuri darasani, nami naamini walisema walichokisikia, kwa sababu darasani hakuna aliyekuwa akisoma peke yake.

Sasa nije kwenye pingamizi kubwa, ambalo naliona nyusoni mwenu tangu nilipotaja watoto 90. Mtaniambia kwamba kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kwamba mawimbi ya uandikishaji ya miaka ya 1970, ya 2002 na ya 2016 yalileta watoto wengi kuliko madarasa na walimu. Hayo ni kweli na hamna la kunifundisha, maana mawimbi yote matatu yamenipitia. Lakini tufanye hesabu badala ya kulalamika. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, ambazo mkizigawa kwa watoto 90 mtapata sekunde 20 kwa kila mtoto, na hapo mwalimu hajafungua kinywa, kwa hiyo ni kweli kwamba huwezi kuwasikiliza wote kwa siku moja. Wasikilizeni tisa. Watoto tisa, dakika moja kila mmoja, wakati wenzao wananakili silabi kwenye madaftari, ni dakika tisa tu, na katika siku kumi za shule, ambazo ni majuma mawili, mtakuwa mmemsikia kila mtoto. Wekeni daftari lenye majina yao, na mbele ya kila jina mwandike silabi zilizomshinda. Kutia alama ya vema peke yake ni kurudi kulekule kwenye watoto 87. Na mtoto anaposoma mbele yenu, msianze na neno la kwanza la ukurasa.

Naona mkufunzi ananionyesha saa. Kuhesabu ni ugonjwa ule ule: mtoto anayeimba moja hadi ishirini mwambieni awape vizibo saba, mwone kama atasimama kwenye saba au ataendelea mpaka kasha liishe. Kuhusu kuandika, niseme tu kwamba kunakili ubaoni si kuandika, imla fupi ya maneno matatu kila siku ni bora kuliko ukurasa mzima wa kunakili, na mtoto anayetumia mkono wa kushoto aachwe. Nilikuwa na mengi kuhusu watoto wanaokuja shuleni wakiwa na Kisukuma au Kigogo peke yake mdomoni, ambao kwao hata "Mama anapika uji" ni sauti tupu, na hilo linastahili siku yake.

Kuna mkono ulioinuliwa kule nyuma tangu nilipomtaja mwalimu wa chuo cha Kurani. Kengele ya chakula haijalia, basi tumsikilize huyo, peke yake.